Ratuni Haina Mama

Kwetu huku Ekero mtoto akizaliwa, hata kabla hajapewa jina, anagawanywa. Wanawake wanajaa chumbani mpaka mlango unakosa pa kufungukia, wanafunua blanketi, wanaanza. Pua hii ni ya baba yake. Paji hili ni la marehemu kukhu, bibi yake. Masikio haya, hapo wanaangaliana, haya si ya hapa, haya yametoka kwa akina mama yake. Ndivyo inavyokwendanga. Kizuri kinabaki kwetu, kibaya kinarudishwa kwa wakwe.

Marehemu mke wangu wa kwanza alinizalia watoto wanne, na wote wanne waligawanywa hivyo. Kwao walipelekewa visogo bapa, vilio vya alfajiri, na ubishi wote wa kijana wangu wa pili, ubishi ambao hata kuku wa jirani wanajua ni wangu. Mimi nilikuwa nimekaa nje nikisikia, nikicheka. Mwanamume haingii chumba hicho.

Nasema haya mapema ili ujue nilikuwa naogopa nini.

Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na miaka hamsini na tatu, kwenye gumbaru, shule ya jioni ya watu wazima. Siku matokeo yalipotoka nilizunguka Mumias yote kwa miguu, nikasalimia watu ambao sikuwa nimewasalimia tangu wazaliwe. Hata mbuzi walijua nimepata C. Katika masomo yote nililopenda zaidi ni bayolojia, kwa sababu mwalimu wetu, kijana mdogo kuliko kifungua mimba wangu, alikuwa na ujasiri wa kutueleza sisi wazee mambo ya chini ya mshipi bila kupepesa jicho.

Jioni moja alitueleza kwamba mwanamke anazaliwa na mayai yake yote tayari. Mwanamume hana akiba hiyo. Tangu abalehe anatengeneza mbegu mpya kila siku, na kila mbegu ni nakala iliyotoka kwenye nakala iliyotoka kwenye nakala. Mara moja moja katika kunakili kitu kidogo kinakosewa. Kwa hivyo mwanamume akizeeka, alisema, makosa hayo madogo yamekuwa mengi, na moja linaweza kumfikia mtoto.

Darasa lilikuwa limejaa wakulima wa miwa. Nikasimama bila kuinua mkono.

"Mwalimu, hiyo si ni ratuni?"

Ratuni ni muwa unaochipuka tena kwenye shina lile lile baada ya kukatwa. Mavuno ya kwanza yananenepa, ratuni ya kwanza inajitahidi, ya pili inavumilia, na ukifika ya nne au ya tano unavuna vijiti vya kuchokoa meno. Kila mtu darasani alielewa mara moja.

"Basi mimi hapa ni ratuni ya tano!" nikasema.

Walicheka mpaka mabati yakataka kuondoka. Mwalimu akapiga meza kwa kifutio: "Baba, tafadhali, usiniharibie somo." Nilikaa chini nikiwa mtu mkubwa. Sikujua kwamba utani ule ungekuja kunidai.

Miaka michache baadaye nilioa tena. Alikuwa fundi wa nguo kutoka Lurambi, miaka thelathini na mbili, mwenye futi ya kupimia shingoni kama wengine wanavyovaa mkufu, na mdomo ambao haukuwa mkubwa lakini haukukosea shabaha. Nilimpelekea kanzu apunguze, akaniambia, "Mzee, kanzu haina shida. Ni wewe umeanza kupungua." Nilirudi siku iliyofuata na kanzu nyingine nzima kabisa.

Alipopata mimba, sokoni hakukaliki. Wanaume niliocheza nao utotoni walinishika mkono kama nimeshinda kiti cha ubunge. "Wewe! Bado unazo!" Imamu mwenyewe alitabasamu. Nilitembea nimejaa upepo hata shati likawa linanibana. Hakuna aliyeuliza juu ya umri wangu ila kwa kunisifu. Na mimi niliyejua kitu, kwa sababu nilikuwa nimekaa kwenye dawati nikakisikia kwa masikio yangu, sikukisema kwa mtu. Kilikuwa kimelala mahali fulani nyuma ya kichwa, na nilikiacha kilale.

Mimba ikiwa na miezi saba, kliniki ya Mumias ilitutuma Kakamega mjini kupigwa skani. Kilikuwa chumba kidogo upande wa Amalemba, pazia la kijani, kitanda chembamba. Msichana wa skani alikuwa mwongeaji, nikampenda. Hiki hapa kichwa, mama. Huu moyo, unausikia unavyokimbia? Huyu hapa anakunja ngumi, atakuwa mgomvi. Nikasema kama ni mgomvi basi tumeshajua ni wa nani, na mke wangu akacheka tumbo likatikisika na picha ikapotea.

Halafu yule msichana akafika mguuni, akanyamaza.

Akasogeza kile kifaa. Akabonyeza. Akarudi pale pale.

Mke wangu alinivuta mkono wa shati, nikainama. "Amepima mara ya pili," akanong'ona.

"Labda mtoto amecheza."

"Mzee, mimi ni fundi. Mtu akipima mguu ule ule mara ya pili, kitambaa kina shida."

Msichana akasema anamwita daktari, dakika moja tu, na akatoka. Ile dakika ilikuwa ndefu kuliko masomo yangu yote ya jioni. Nilisoma bango la ukutani kuhusu kunyonyesha mpaka nikaweza kulighani. Mke wangu alitazama dari. Mkono wake ulikuwa tumboni, vidole vimetanuka kama anamziba mtoto asisikie.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mtulivu. Alipima mwenyewe, kisha akavuta kiti.

"Mfupa wa paja ni mfupi kwa miezi hii," alisema. "Inawezekana tarehe zenu zimepishana. Inawezekana ni mtoto mdogo tu. Na inawezekana ni hali ya mifupa ambayo haitarefuka kama ya watu wengine. Leo siwezi kuwaambia ni ipi. Mrudi mwezi ujao." Halafu akanigeukia. "Baba ana miaka mingapi?"

"Daktari, ukiuliza magoti ni tisini. Ukiuliza moyo ni ishirini."

Hakucheka mtu. Daktari akashika kalamu, akingoja.

"Hamsini na nane," nikasema.

Daktari akaitikia kwa kichwa. Mke wangu alikuwa ameniangalia. "Umri wake unahusika vipi?" akauliza. "Mbona mimi wananiulizanga wangu, na yeye leo ndiyo mara ya kwanza?"

Daktari akaeleza, na kila neno nilikuwa nalijua kabla halijatoka. Kwamba hatari fulani za mtoto hupanda kadiri umri wa baba unavyosonga. Kwamba hata zikipanda bado ni ndogo, na wazee wengi wamezaa watoto wasio na shida yoyote. Kwamba kama ni ile hali anayoifikiria, mara nyingi inaanzia kwenye mbegu ya baba, badiliko jipya, hakuna aliyelileta na hakuna ambaye angeweza kulizuia. "Si kosa la mtu," alisema mara mbili, na mara ya pili alimwangalia mke wangu peke yake, kama anayejua watu wa huku.

Tulitoka. Nje kulikuwa na jua kali. Mke wangu alisimama kivulini mwa ukuta akafunga leso vizuri.

"Ulikuwa unajua," akasema.

"Nilisikia shuleni. Nilidhani ni mambo ya mtihani."

Akatangulia kwenda stendi. Kwenye matatu alikaa kiti cha mbele, akaniachia cha nyuma.

Dada yangu mkubwa ndiye aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto, na mpaka leo anaamini hajawahi kunishusha. Watoto wangu wanamwita senje, shangazi, na boma zima limefuata, hata mke wangu. Alikuja kesho yake asubuhi. "Asalaam aleikum. Skani imesema nini?" Bado alikuwa mlangoni.

Mke wangu hajui kudanganya. Akamwambia: miguu mifupi, turudi mwezi ujao.

Senje akaketi. Akauliza polepole, kwa sauti nzuri kabisa, ile sauti ya mtu anayenoa kisu huku anakusifia kuku wako. "Kwenu kuna mtu mfupi?"

"Mjomba wangu si mrefu sana, senje."

"Si mrefu vipi?"

"Wa kawaida. Anafika hapa." Akajigusa sikio.

"Aa," akasema senje.

Nimesoma vitabu vizima vyenye maneno machache kuliko ile *aa*. Kufikia adhuhuri alikuwa ameshazungumza na kaka yetu mkubwa, na kufikia alasiri safari ilikuwa imepangwa: Jumamosi, kaka na wanawake wawili wa ukoo waende Lurambi kuuliza.

Mtu wa mbali anaweza kuona kuuliza ni jambo dogo. Huku kuuliza ni hukumu. Wanafika, wanakaribishwa chai, wanaulizia kwa heshima kama kuna jambo la nyumba hiyo ambalo wakwe hawakuambiwa. Hata jibu likiwa hakuna, majirani wameona nani amekuja na kwa nini, na tangu siku hiyo binti wa nyumba hiyo ana alama. Wadogo zake wakichumbiwa, inakumbukwa.

Mke wangu aliniambia akiwa amekaa kwenye cherehani, mguu kwenye kanyagio, cherehani imesimama. "Baba yangu hajawahi kuulizwa kitu. Wakienda Jumamosi, mimi nitaenda Ijumaa, na sitarudi. Huyu mtoto atazaliwa Lurambi na atabaki Lurambi. Sikutishi, mzee. Nakupa habari."

Kwa hivyo Ijumaa baada ya swala niliwaita wote nyumbani. Nilichinja jogoo mkubwa, ingokho wa kuheshimika, karibu alingane na ndama. Tukala na obusuma, ugali wetu, mpaka kaka akalegeza mshipi. Ndipo nikasimama. Niliwaeleza kama nilivyofundishwa, lakini nikaona macho yao yanapotea kwenye chembe na nakala, na hapo nikakimbilia kitu ninachokijua. Nikawaambia: ratuni. Shina likiwa la zamani, muwa unaotoka juu yake unakosa kitu. Udongo hauna kosa. Mvua haina kosa. Ni shina.

Wakaelewa! Niliwaona wakielewa, nikalewa na ushindi.

"Kwa hivyo udongo ni huyu mama," kaka akasema.

"Hana kosa lolote."

"Na shina ni wewe."

"Ni mimi, ratuni ya tano!"

Hata senje alicheka, akajifuta macho kwa leso. "Haya. Jumamosi hatuendi. Tungoje mtoto, tuone. Akitoka na kitu, tutauliza tu."

"Na ratuni ya tano ikitoa bua baya," kaka akasema, tumbo likimcheza, "ndugu yangu, si unajua tunafanyanga nini? Tunaita trekta!"

Tulicheka, wallahi, nyumba ilicheka. Mimi nilicheka kushinda wote. Nilipogeuka nikamwona mke wangu amesimama mlangoni na chupa ya chai. Hakuwa amecheka. Aliweka chupa mezani taratibu, akahesabu vikombe kwa macho, akatoka.

Baba yake ni mkataji miwa. Mke wangu amekulia ndani ya miwa. Hakuna haja ya kumweleza mtu kama huyo trekta inafanya nini. Ratuni ikishaharibika, hailimwi, haipaliliwi. Inang'olewa na mashina yake, inarundikwa kando, inachomwa.

Asubuhi nilimkuta barabarani, mbele ya shamba letu la zamani, lile ambalo kwa kweli nilikuwa nimepanga kuling'oa mwaka huo. Alikuwa na mfuko wa nguo, mfuko mkubwa ambao ungemeza ng'ombe na pembe zake, na alikuwa akingoja pikipiki.

"Safari ya kuuliza haipo tena," nikamwambia. "Si ulisikia?"

"Nilisikia."

"Sasa?"

"Nina swali moja, uliyesoma. Bua baya unalifanyanga nini?"

Mimi nina jibu la kila kitu. Nikiulizwa saa natoa utani, nikifiwa natoa utani. Pale barabarani niligeuza uso. Nyuma yangu kulikuwa na ile miwa myembamba, ya njano, nami nilikuwa nimeiahidi trekta.

"Ulitaka kunitetea," akasema. "Najua. Lakini umewapa neno. Sasa mtoto wangu ana neno lake kabla hajazaliwa. Akija na miguu mifupi, kila akipita watasema yule ndiye bua la ratuni. Na ni baba yake alisema, tena akiwa amesimama, tena akicheka."

Pikipiki ikaonekana kwa mbali, vumbi likitangulia. Nilitazama lile shamba kama mtahiniwa anayetazama dari. Na sijui kama ni bayolojia au ni woga, lakini nikaona nilipokosea, wazi, mbele yangu, safu kwa safu.

"Ratuni haina mama," nikasema.

"Nini?"

"Muwa haupandwi kwa mbegu. Unakata kipande unachimbia, unatoka ule ule. Unakata tena, unatoka ule ule. Shamba lote hili ni muwa mmoja unaojirudia peke yake mpaka unachoka. Hakuna wawili waliokutana hapo. Mtoto si mimi niliyechipuka tena. Mtoto ni mtu mpya, nusu yake ni yako, hajawahi kuwako duniani. Kwangu kumetoka kosa moja, kama limetoka. Yeye mwenyewe si kosa. Nililinganisha vibaya. Mfano wangu ulikuwa wa uongo."

Pikipiki ilisimama. Kijana akauliza, "Mama, ni Lurambi?"

Mke wangu alinigeukia. "Hayo umeyatoa shuleni?"

"Hapana. Nimeyatoa hapa hapa, kwa kutetemeka."

"Umeniambia mimi, barabarani. Ile nyingine uliiambia ukoo mzima ukiwa umeshiba." Akamwambia kijana aende, kisha akaniwekea mfuko miguuni. "Nitakaa mpaka mtoto agawanywe. Siku hiyo ndiyo nitajua kama naondoka. Beba."

Nikaubeba. Aliuweka chini ya kitanda, ukabaki hapo. Mara nyingi alikuwa akiuvuta, anaingiza kitu, anaurudisha. Kila nikisikia ule mfuko ukikwaruza sakafu, nilihesabu siku zilizobaki.

Skani ya pili ilisema mguu umebaki nyuma zaidi. Moyo mzima, mgongo sawa, anacheza vizuri. Daktari alisema sasa anaamini ni ile hali ya mifupa, lakini picha ya baada ya kuzaliwa ndiyo itakayothibitisha. Akasema pia jambo ambalo nililishika kama kamba: akili yake haitaguswa. Atakuwa mfupi, atahitaji kuangaliwa shingo na pumzi, asikalishwe mapema kama watoto wengine. Atasoma. Atajibu watu. Mke wangu aliuliza maswali mengi, na yote yalikuwa ya vipimo: mikono je, hadi kiwiko? Kifua? Kichwa kitakuwa kikubwa kiasi gani, shingo ya fulana ipite? Mimi nilidhani amechanganyikiwa kwa huzuni.

Alizaliwa alfajiri, msichana, na sauti ya kuamsha kiwanda cha sukari. Mikono mifupi, mapaja mafupi yenye mikunjo, paji pana, macho yanayokukagua. Walipiga picha ya mifupa, wakathibitisha. Nilimshika nikaona ni mzito kuliko nilivyotegemea. Sikupata utani wowote, nikamwadhinia sikioni.

Wanawake walikuja siku ya pili tangu tutoke hospitali. Nilikuwa nje nimekaa kwenye kiti changu cha kawaida, chini ya dirisha, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikutaka kusikia na sikuweza kuacha kusikia.

"Mashallah, hii pua si ya kaka mkubwa?"

"Kabisa. Na paji hili ni la kukhu."

"Kukhu hakuwa na paji hivi, usitusingizie!"

"Macho?"

"Macho ya mama yake. Ona anavyokuangalia kama anakudai."

Wakacheka. Nikasikia blanketi likifunuliwa zaidi. Kicheko kikapungua, kikaisha. Mwanamke mmoja akasema Mungu ni mkubwa, kwa sauti ya matanga. Halafu nikasikia senje akivuta pumzi, ile pumzi ninayoijua tangu nikiwa mgongoni mwake.

"Sasa, hii miguu..."

Nilisimama. Nilipita sebuleni, nikasukuma mlango, nikaingia. Wanawake wote wakapiga kelele pamoja kama kuku walioona kipanga.

"Toka! Huku hakuingiwi na wanaume!"

"Ndugu yangu, umerukwa?"

"Miguu ni yangu," nikasema.

"Yako?" Senje alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, safari ndefu. "Wewe unayeinama ukiingia msikitini?"

"Yangu. Imetoka kwenye mbegu yangu, na daktari amesema. Nina karibu miaka sitini, na ndani yangu kuna kitu kimenakiliwa mara nyingi, kikakosewa padogo mara moja. Hakuna mtu wa Lurambi aliyekuwapo. Kama mnayo safari ya kuuliza, anzeni na mimi, nimesimama hapa, na chai nitawapikia mwenyewe." Nikamgeukia senje. "Na kingine. Siku ile niliwaambia ratuni. Nilikosea. Ratuni haina mama. Huyu ana mama, yule pale, na hakuna mtu atakayemwita mtoto wangu bua, wala mimi, wala kaka, hata kwa mchezo. Atakayesema, nitaingia nyumbani kwake kama nilivyoingia hapa."

Mtoto akapiga chafya. Mke wangu alikuwa ameegemea ukuta, hakuniangalia mimi, alimwangalia senje mdomoni.

Senje alichukua mkono mdogo wa mtoto, akaufungua kiganja, akautazama mbele na nyuma.

"Na vidole?" akauliza.

"Vidole pia vyangu."

"Mkono?"

"Wangu."

"We mtoto wa mama una tamaa." Akaurudisha mkono kifuani. "Umechukua vyote. Lurambi tumewabakishia nini?"

"Macho," akasema mke wangu. "Na mdomo. Mtausikia akikua."

Mwanamke mmoja akaguna kucheka, mwingine akamfuata. Senje hakucheka. Alimfunika mtoto vizuri, kisha akasema anasikia baridi, huyu, nguo zake ziko wapi?

Mke wangu alijiinua kutoka ukutani. Halafu akasema, "Chini ya kitanda, senje. Ule mfuko. Toa zote, uzipange kabatini."

Senje akainama akauvuta. Ukakwaruza sakafu kwa mara ya mwisho. Alitoa suruali ndogo ya flaneli, ya manjano, akaishika juu mbele ya dirisha, na sisi sote tukaona: kiuno cha mtoto wa kawaida, na miguu mifupi, imepindwa kwa mshono safi, wa taratibu. Akatoa ya pili. Ya tatu. Vijisweta vyenye mikono ya nusu. Fulana zenye shingo pana. Mfuko mzima, na nguo ya mama haikuwamo hata moja. Wakati mimi nilipokuwa nasikia mfuko ukivutwa nikihesabu siku za kuachwa, yeye alikuwa akimshonea.

Senje akamvalisha mtoto ile ya manjano, polepole, mguu mmoja kisha mwingine. Ikamkaa kama amemwagiwa.

"Nani alikupa vipimo?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Daktari. Na vingine alinipa mwenyewe, kwa mateke."

Senje akaanza kupanga nguo kabatini. Mimi nilikuwa bado nimesimama katikati ya chumba, mikono inaning'inia, nikiwa na cheti cha kidato cha nne, nikiwazibia njia.

"Na wewe, mzee," mke wangu akasema, "si uliahidi chai? Wageni wangu wana kiu."